Shirley Chisholm na mshahara wa mfanyakazi wa ndani

Kila anapotajwa Shirley Chisholm, husemwa kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, mwaka 1968, na kwamba mwaka 1972 aliomba chama chake cha Democratic kimsimamishe kugombea urais. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini tukiishia hapo tunampunja. Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa kuliko zote iliwahusu wafanyakazi wa ndani.

Kazi hiyo aliijua tangu utotoni. Mama yake, mzaliwa wa Barbados, alikuwa mshonaji na mtumishi katika nyumba za watu huko Brooklyn. Baba yake alikuwa kibarua kiwandani. Maisha yaliwabana hadi wakawapeleka watoto Barbados wakalelewe na bibi yao. Alipokua, Shirley alifundisha watoto wadogo kwanza, siasa ikaja baadaye.

Sasa tazama sheria alizozikuta. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa nchini Marekani mwaka 1938, lakini wafanyakazi wa ndani na wengi wa mashambani wakaachwa nje. Kusini mwa nchi, kazi hizo zilifanywa zaidi na watu weusi, na wabunge wa huko walikuwa na nguvu kubwa bungeni. Kwa zaidi ya miaka 30, mwanamke aliweza kupika, kufua, kupiga pasi na kulea watoto wa mwenzake kutwa nzima, kisha akapokea chochote alichoamua mwenye nyumba.

Hapo ndipo linapoingia tukio ambalo wafuasi wake wengi hawakulipenda. Mei 1972 George Wallace, gavana wa Alabama aliyejijengea jina kwa kutetea ubaguzi wa rangi, alipigwa risasi akiwa kwenye kampeni, akapooza miguu. Naye alikuwa akiwania nafasi ile ile aliyoitaka Chisholm. Chisholm akaenda kumjulia hali hospitalini. Wallace alimuuliza watu wake watasemaje. Akamjibu kwamba anajua watakavyosema, ila asingependa yaliyompata yampate mtu mwingine yeyote. Wallace akalia.

Walimsema sana, na ninaelewa kwa nini: watu walikuwa bado na majeraha ya siasa za mtu yule. Hata hivyo naamini alifanya sawa, na ningeamini hivyo hata kama ziara ile isingemletea chochote. Ilimletea. Mwaka 1973 Rais Nixon aliukataa muswada wa kupandisha kima cha chini cha mshahara; ulipofika wakati wa kuurudisha bungeni, Chisholm alihitaji kura za watu wa Kusini, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba Wallace alimsaidia kuzipata. Mwaka 1974 muswada ukawa sheria, na wafanyakazi wa ndani wakaingizwa.

Sheria hiyo ilikuwa na mapengo. Wanaokaa na wazee majumbani waliachwa, na wengi wao walisubiri hadi kanuni mpya ya mwaka 2013, miaka minane baada ya Chisholm kufariki. Lakini mpishi na dobi wa nyumbani walikuwa na sheria ya kushika mkononi wanapodai mshahara. Ningependa kila anayesimulia ile kampeni ya 1972 aitaje na sheria hii.