Tairi pana au nyembamba kwa Land Rover 109?

Mwenye pikapu ya Land Rover 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), Series III (1971–1985), akienda kununua tairi leo hukutana na mabishano ya saizi mbili: 235/85R16 na 265/75R16. Wengi huvutiwa na ya pili kwa sababu gari huonekana limesimama vizuri. Piga hesabu kwanza. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Namba ya kwanza ya saizi ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo. Asilimia 85 ya 235 ni karibu 200; ihesabu juu na chini ya rimu, kimo cha tairi kinafika 806. Kwa 265/75 unapata 804. Tairi la asili, 7.50-16 (upana na rimu kwa inchi), halipishani sana na hizo. Anayelipia 265 basi haongezi kimo hata kidogo. Anaongeza upana wa milimita 30, na ndio wa kupimwa.

Upana una faida ya kweli mchangani, na kwenye udongo mweusi usio na sakafu ngumu chini: tairi pana huelea pale jembamba linapozama. Lakini tope la juujuu lenye changarawe chini yake hulipendelea jembamba, maana hulikata tope na kushika ardhi, huku pana likiteleza juu. Hata mchangani, kushusha upepo hadi paundi 20 hurefusha sehemu ya tairi inayogusa ardhi, na magari mengi huvuka kwa hilo tu.

Gharama ya upana huanzia kwenye usukani, kwa kuwa 109 haikutoka kiwandani na pawa stelingi. Kuegesha kwa 265 ni kazi ya mabega. Ukikata kona hadi mwisho, ubavu wa tairi unaweza kusugua springi za mabamba. Fundi ataongeza urefu wa bolti za kikomo, zinazozuia magurudumu yasikate kona kupita kiasi, na gari ambalo tayari hugeuka kwa shida litadai nafasi kubwa zaidi. Wapo wanaoweka spesa, vipande vya chuma kati ya kitovu na rimu, kusukuma tairi nje. Msuguano huisha, ila beringi za magurudumu hubeba mzigo uliosogea na kuchakaa mapema. Hilo sioni kama ni suluhisho.

Rimu ndiyo husahaulika zaidi. Ya asili ina upana wa inchi 5.5, saizi halali kwa 7.50R16, yaani tairi la asili la aina ya radial. Tairi la 235/85 hutaka inchi 6 hadi 7, na 265/75 hutaka 7 hadi 8. Rimu za aloi za Discovery ya kwanza zina upana wa 7 na matundu yaleyale, matano kwenye duara la milimita 165.1, lakini hudai stadi (bolti za kufungia gurudumu) ndefu na nati zake zenye shingo na washa bapa. Nati za koni za rimu ya chuma haziikamati aloi ipasavyo.

Kwa gari la shamba na barabara ya vumbi, ningebaki na 7.50R16 kwenye rimu za asili, au 235/85 kwenye rimu za chuma za inchi 6.5. Tairi la 265 nalikubali kwa anayeishi mchangani na aliyekwisha kufunga pawa stelingi.

Rimu za asili zilizopigwa ribiti huvujisha upepo, hivyo lazima tyubu. Tumia ya 7.50-16, ipake poda, na ubandue kila stika iliyomo ndani ya tairi: kingo zake husaga tyubu mpaka itoboke. Usikimbize gari kwa upepo wa paundi 20, kwani tairi huzunguka kwenye rimu na kung'oa valvu.