Bunduki za Ghuba ya Manza: namba zikilingana mno, shaka na iongezeke

Tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, alisalimisha jeshi lake mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Kwa hesabu yake mwenyewe, bunduki zilizokabidhiwa siku ile zilikuwa 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Mjerumani lililopigana miaka minne katika ardhi yetu lilimaliza vita likibeba silaha za adui.

Kwa sababu hiyo, Mauser, bunduki ya Kijerumani, iliyothibitika kupita mikononi mwa Schutztruppe, yaani jeshi la koloni, ya Afrika Mashariki ni adimu kuliko wengi wanavyodhani. Na kwa sababu hiyo hiyo ubishi kati ya wakusanyaji hauishi: je, bunduki kama hiyo ihukumiwe kwa namba zilizopigwa kwenye vyuma vyake, au kwa historia yake?

Wanaoshikilia namba wana hoja nzito. Gewehr 98, Mauser iliyokuwa bunduki ya kawaida ya jeshi la Kaisari, ina urefu wa mita 1.25 na hubeba risasi 5. Juu ya chemba, mahali risasi inapokaa, kumepigwa taji, jina la kiwanda, mathalani Spandau, Erfurt, Danzig au Amberg, na mwaka. Ubavuni kuna maandishi ya Gew. 98 kwa herufi za kale za Kijerumani. Namba kamili iko kwenye mwili na mtutu, na tarakimu zake mbili za mwisho zinarudiwa hadi kwenye skrubu ndogo. Kila kiwanda kilianza hesabu upya kila mwaka, kwa hiyo namba bila kiwanda na mwaka haina maana. Vyote vikikubaliana, una ushahidi ambao maneno ya muuzaji hayawezi kuubadilisha. Visipokubaliana, wanasema, una rundo la vipuri na hadithi tamu.

Ukaidi wao nauelewa. Hadithi ndiyo inayopandisha bei mnadani, na kila mwenye Mauser chakavu anaweza kudai ilipigana Tanga. Tena zipo herufi K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe, ambazo walaghai wanazipenda sana. Herufi halali zimeliwa na mafuta, jasho na miaka mia moja ya kushikwashikwa. Zilizopigwa juzi zina kingo kali, na ndani yake chuma ni kisafi ilhali pembeni kutu imetanda. Ukiona hivyo, ondoka. Hata K.S. iliyo halali haithibitishi kwamba bunduki ilifika huku, kwani chapa hiyo iko pia kwenye silaha za kikosi cha Kusini Magharibi mwa Afrika, Namibia ya leo.

Lakini kanuni ya namba ilitungwa kwa vita vya Ulaya, ambako nyuma ya mstari wa mapambano kulikuwa na reli, ghala na karakana. Huku mambo yalikuwa tofauti kabisa. Vita vilipoanza Agosti 1914, kombania nyingi za askari bado zilikuwa na bunduki za mwaka 1871: milimita 11, risasi moja moja, na baruti nyeusi iliyofuka wingu la moshi kila askari alipofyatua. Adui hakuhitaji darubini kujua walipolala. Baada ya ushindi wa Tanga, Novemba 1914, Lettow aliandika kwamba bunduki walizoteka zilitosha kombania zaidi ya tatu. Tangu hapo kuchanganya silaha kukawa ndiyo njia ya kuishi.

Aprili 1915 ikaja Rubens, meli ya Kijerumani iliyojibadilisha sura na kujiita Kronborg ya Denmark. HMS Hyacinth, manowari ya Waingereza, iliifukuza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaishambulia, nayo ikaungua na kukaa chini kwenye maji ya kina kifupi. Wapiga mbizi waliopoa bunduki zipatazo 1,800 na risasi kwa mamilioni. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye risasi nyingi, ikabidi zifunguliwe, baruti ikaushwe, zifungwe tena. Meli ya pili, Marie, iliingia Sudi Machi 1916. Baada ya hapo hakuna nyingine iliyofika kutoka Ujerumani. Novemba 1917 askari wa Lettow walivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno huko Ngomano, Msumbiji, wakabeba silaha zao. Na hapo mkusanyaji asiye makini anategwa: Mauser-Vergueiro ya Wareno, modeli ya 1904, ilitengenezwa Berlin. Ni ya Kijerumani kwa kuzaliwa, lakini yenye nembo ya mfalme wa Ureno.

Sasa niambie, bunduki iliyozama Manza, ikaopolewa, ikapitishwa mvua za Rufiji na Mahenge bila ghala la vipuri, itabakije na kila skrubu yake ya kiwandani na mti unaong'aa? Mimi ikiletwa ya namna hiyo huwa naishuku kuliko iliyochanganyika. Kwa vita hivi, kutolingana ni dalili inayotarajiwa. Hata hivyo si uthibitisho. Kinachoithibitisha ni karatasi: barua ya mwanajeshi aliyeiteka, orodha ya kikosi, daftari la makumbusho. Bila karatasi, wanaoshikilia namba wanashinda, nami niko upande wao.

Tunachokubaliana wote ni kwamba msasa ni adui. Kutu inazuiwa kwa mafuta mepesi. Mwenye kupiga msasa kitako ili kipendeze mnadani anafuta mihuri ya wakaguzi pamoja na alama zozote alizoacha aliyeibeba.

Aliyeibeba ndiye anayeniuma zaidi. Mkusanyaji wa Texas au Munich anaweza kukusomea muhuri wa mkaguzi wa Spandau bila kusita, lakini ukimuuliza jina la askari, Msukuma, Mnyamwezi au Mmanyema, anakosa jibu. Wapo wanaotaka silaha hizi zirudishwe zote. Mizinga ya Königsberg, manowari ya Kijerumani, bado inaonekana Fort Jesus, Mombasa, na Pretoria, lakini bunduki zilitawanyika kimya kimya. Marekani, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabika kuwa kitu cha kale kwa sheria ya shirikisho, kwa hiyo ile ya 1871 inauzwa huko bila masharti mengi. Tanzania, kukaa na silaha bila kibali ni kosa, hata kama babu aliiacha darini.

Kudai zirudi zote ni kutaka makuu, maana hazikuporwa kwetu kama vilivyoporwa vigoda vya machifu. Zilitekwa na jeshi moja kutoka kwa jingine. Ninachodai ni kumbukumbu. Kila mwenye bunduki yenye karatasi za Manza, Tanga au Ngomano apige picha mihuri, anakili barua, apeleke nakala Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Akitaka, abaki na chuma chake.