Bango limejaa sura, saa ya ibada iko wapi?

Fungua ukurasa wa Facebook wa kanisa uone. Bango la kongamano limepambwa vilivyo: mhubiri mgeni, mchungaji mwenyeji na mkewe, kichwa cha somo kwa herufi za dhahabu. Ukitaka kujua ibada inaanza saa ngapi na kanisa lenyewe liko wapi, itabidi uikuze picha kwa vidole viwili, na pengine usione kitu. Washirika wanajua tayari. Asiyejua ni mgeni aliyehamia juzi, na bango lilitengenezwa kwa ajili yake.

Kwangu mimi, ukurasa wa kanisa uanze na mahali, saa na namba ya simu inayopokelewa. Viandikwe kwenye chapisho lenyewe, visiishie ndani ya picha, maana asiyeona husomewa na simu yake. Rangi na mapambo baadaye.

Kundi la WhatsApp ndilo lenye mtihani. Taarifa ya msiba inatumwa asubuhi, kufika mchana imefunikwa na "Amina" na picha za maua. Dawa ipo: kundi la matangazo ambamo wasimamizi pekee ndio wanaotuma (mpangilio huu upo tangu 2018), na jingine la maongezi. Porojo nazo zina haki ya kuwa na kwao.

Kinachoniudhi zaidi ni hili: "Tumwombee dada yetu fulani, amelazwa, vipimo vimeonyesha..." Nani kakuruhusu? Kundi moja linabeba hadi watu 1,024, na mmoja tu akipiga picha ya skrini, habari imeshatoka. Muulize mgonjwa kwanza. Akikubali, taja jina na uishie hapo. Ugonjwa atausema mwenyewe akitaka. Picha za watoto wa shule ya Jumapili nazo zisipandishwe kabla wazazi hawajaridhia.

Wanaorusha ibada mubashara Facebook wakumbuke kuwa tangu Februari 2025 video hizo hufutwa baada ya siku 30. Mahubiri mnayoyataka yapakueni mapema. Na kabla ya kununua kamera, nunueni maikrofoni.

Halafu kuna kijana wa media aliyefungua ukurasa kwa akaunti yake, akapata kazi mbali, akaondoka nao. Wapeni udhibiti kamili watu wawili au watatu. Hata mzee wa kanisa asiyejua kuchapisha anafaa, mradi ana akaunti na haisahau nywila yake.