Twende Antalya na daftari la hasara zetu

Novemba 2026 viongozi wa dunia wanakutana Antalya, Uturuki, kwa mkutano wa 31 wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2027 itakuwa zamu ya Addis Ababa. Wengi wetu huku Pemba tumeshachoka na habari za mikutano hii, na sababu tunazo. Dola bilioni 100 kwa mwaka nchi tajiri ziliziahidi Copenhagen mwaka 2009 kwa nchi zinazoendelea, zikatakiwa zitimie 2020, zikaja kutimia 2022. Baku, mwaka 2024, wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na nchi zetu zilikuwa zikidai trilioni 1.3.

Hata hivyo, safari hii tusikae pembeni. Upo mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Awamu yake ya kwanza imetengewa dola milioni 250, tena ruzuku, si mkopo wa kuja kulipwa na wajukuu. Angalau nusu ni ya nchi za visiwa vidogo na nchi maskini zaidi duniani, na Tanzania imo katika kundi hilo la pili. Ombi moja linaweza kupata milioni 5 hadi 20.

Ugumu wetu ni kwamba Zanzibar haina kiti chake. Komoro na Ushelisheli, tunaochangia nao bahari hii hii, wanaingia ukumbini kama nchi za visiwa. Sisi tunaingia kwa jina la Tanzania. Mazingira si jambo la Muungano, mambo ya nje ni ya Muungano. Kwa hiyo kilio cha Kisiwa Panza, huku kwetu Pemba, kinatoka kwa sheha, kinapita wilayani, kinakwenda Unguja, ndipo kivuke bara. Kila kinapofika kitaulizwa ushahidi.

Na ushahidi upo, ila haujaandikwa. Fika Kisiwa Panza utazame mabonde yaliyokuwa ya mpunga: udongo umepasuka, juu umetanda chumvi nyeupe, minazi imesimama bila makuti. Mama aliyelima pale atakwambia bonde lilikuwa la nani, walipanda mbegu gani, na mwaka gani maji ya bahari yalipanda yasirudi. Yote hayo anayo kichwani. Siku akiondoka duniani, anaondoka nayo.

Kwenye mwani ni hivyo hivyo. Kotonii, ule wenye bei nzuri, umeshindwa sehemu nyingi kwa sababu ya joto la maji, na kina mama wamebaki na spinosamu isiyolipa. Mnunuzi ana daftari la kilo alizonunua. Kilo zilizooza kwenye kamba zimo daftari la nani? Mimi hili linaniuma, maana hasara ya mwanamke aliyeshinda majini tangu maji kupwa inahesabika kama haikutokea.

Kwa hiyo naomba kila shehia ya pwani ifungue daftari la hasara. Liandikwe jina la bonde, ukubwa wake, mwenye kulima, na mwaka lilipoharibika. Viandikwe visima vilivyoingia chumvi na kamba za mwani zilizokufa. Vijana wana simu. Wapige picha zenye tarehe. Chuo chetu, SUZA, kitoe wanafunzi wa kupima. Na wajumbe watakaokwenda Antalya waje kwanza Chake Chake, watuambie wanakwenda kuombea nini, kisha wakirudi waje tena watupe majibu.

Waliopanda mikoko wamefanya kazi kubwa na nawashukuru kwa dhati, lakini mkoko haumlipi mkulima bonde alilokwisha kulipoteza.

Mabamvua makubwa ya mwaka, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, huja karibu na Machi na Septemba. Kabla ya Antalya ipo Septemba. Masheha waanze hapo, na ukurasa wa kwanza waandikiwe wazee, wangali wanakumbuka mipaka ya mabonde.