Mhudumu wa kwetu amefungwa mikono tu

Mjomba wangu wa Kisauni ana msimamo ambao hautikisiki: huduma nzuri iko Ulaya, kwetu ni kubahatisha. "Nyinyi mko kwa wenyewe," huniambia kila nikirudi Mombasa, "mzungu anajua kumwangalia mgeni." Nami nikitaka kubishana, hunikatiza na kuagiza kahawa nyingine. Sasa naandika, maana hapa hanikatizi. Nimeishi London miaka mingi na hoteli za huku nimeziingia kwa milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma. Tofauti anayoisema mjomba ipo kweli. Sababu anayoitoa ndiyo siyo.

Nianze na mlango wa mbele. Shoga yangu mmoja, muuguzi, alipopandishwa cheo aliapa kwamba lazima tukanywe chai hoteli ya Savoy, hata kama pesa yenyewe Kisauni ingelipa kodi ya chumba kwa miezi. Savoy iko mtaa wa Strand, mgongo wake umeelekea mto Thames, na imekuwa ikipokea wageni tangu 1889. Hata kuiingia ni tamasha: kwenye kinjia chake kifupi, Savoy Court, magari huenda upande wa kulia ilhali Uingereza nzima inaendesha kushoto. Mlangoni kuna mabawabu wenye kofia ndefu nyeusi. Mimi nilikuwa na mtandio wangu, mwenzangu na viatu vilivyokuwa vikimbana tangu kituo cha treni. Bawabu alitusalimia, akasogea, tukapita. Hakuuliza tunakwenda wapi, wala tumealikwa na nani.

Tulikaa ukumbini chini ya kuba la vioo, kinanda kikipigwa taratibu. Shoga yangu hali nyama asiyojua ilivyochinjwa, na alikuwa ameshasema hivyo wakati wa kuweka nafasi. Mimi nilijiandaa kwa yale maelezo marefu tuliyoyazoea: hapana, na kuku pia ni nyama. Hayakuhitajika. Mhudumu alikuja na sahani akatwambia kila kimkate kina nini, tango, mayai, samaki, na kwamba vyetu vimetengwa tangu jikoni. Vilipokwisha alijaza tena bila kuombwa. Chai niliyochagua ni ile Waingereza huiita ya asubuhi, ambayo kwa kawaida huchanganywa majani ya Assam, Ceylon na Kenya, kwa hiyo Kericho nayo ilikuwa mezani, imevalishwa birika la fedha.

Kisha mwenzangu akapiga kikombe kwa kiwiko. Chai ikamwagika kwenye kitambaa cheupe mpaka ukingoni. Mimi moyo ulinipasuka. Yule mhudumu alitandaza kitambaa kingine juu ya kile, akaleta birika jipya na kikombe kipya, na akaendelea na mazungumzo alipoyaachia: mnasherehekea nini leo? Alipoambiwa ni cheo, akarudi baadaye na kikeki kidogo kilichoandikwa pongezi kwa chokoleti. Bili ilipokuja nikaipekua mstari kwa mstari, ndivyo nilivyolelewa. Kikeki hakikuwemo, wala kitambaa. Na muda wote nilikuwa nikimtazama: hakuna mahali alipokwenda kumuuliza mtu.

Mjomba angeishia hapo, aseme unaona! Lakini yule kijana mwenyewe alitwambia kwao ni Ureno. Ukizungusha macho katika hoteli yoyote kubwa ya London utaona Ufilipino, Romania, Ghana, Bangladesh, Brazil. Mwingereza halisi pengine ni yule anayekunywa chai meza ya jirani. Na hili si jambo la leo. Savoy ilijengwa na Richard D'Oyly Carte, mfanyabiashara wa michezo ya kuigiza ya nyimbo, kando ya jumba lake la maonyesho. Aliweka taa za umeme, lifti za umeme, na mabafu yenye maji ya moto yanayotoka bombani, wakati hoteli nyingine wageni waliletewa maji kwa ndoo. Majengo alikuwa nayo, watu wa kuyaendesha hakuwa nao. Akamwendea César Ritz, Mswisi mtoto wa mkulima wa kijijini, na Ritz akaja na mpishi Auguste Escoffier, Mfaransa. Hao ndio walioifundisha London kula nje usiku, waume kwa wake, na kudai sahani ifike moto. Mikono ya kuhudumia iliazimwa tangu mwanzo.

Na msidhani walikuwa malaika. Mwaka 1898 Ritz na Escoffier walifukuzwa wote wawili. Mvinyo na pombe kali za zaidi ya pauni 3,400 hazikujulikana zilikoishia, na mpishi mkuu ilibainika alikuwa akipokea asilimia yake kwa wauzaji wa vyakula. Mjomba aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote hahitaji kuelezwa mambo ya asilimia. Chai ya Savoy ilianza kunyweka zamani.

Kitu ambacho kweli wametuzidi ni kuuza hadithi zao. Savoy wana paka wa mbao, mweusi, anaitwa Kaspar. Asili yake ni karamu ya 1898: tajiri mmoja wa Afrika Kusini, Woolf Joel, alialika watu, mmoja akaghairi, wakabaki kumi na watatu mezani, idadi ambayo Wazungu huiona ya nuksi. Ikasemwa kwamba atakayeinuka kwanza atakufa kwanza. Joel akacheka, akainuka, na wiki chache baadaye akapigwa risasi Johannesburg. Tangu hapo meza ikiwa na watu kumi na watatu hoteli ilimkalisha mfanyakazi wake awe wa kumi na nne, hadi 1927 ilipochongwa sanamu ya paka. Kaspar hupewa kiti, hufungwa kitambaa shingoni, huwekewa sahani na kila chakula kinachopita mezani. Churchill alimpenda. Sasa fikiria hoteli ya Malindi imkalishe paka wa mbao mezani na kumpakulia biriani. Kesho yake magazeti yangeandika uchawi na mchungaji mmoja angefika na kipaza sauti. Kule ni urithi, na watu wanasafiri kuja kumpiga picha.

Sisi hadithi tunazo za kumwaga, na nzito kuliko za paka. Chukua hoteli ya Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa siku ya Krismasi 1904, wakati mji wenyewe ulikuwa reli na matope. Kila kitabu cha watalii kitakwambia kuhusu Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, kuanzia safari yake ya kuwinda pale mwaka 1909, na kuhusu malodi wa Kiingereza waliojaa barazani. Tarehe 16 Machi 1922 hutaikuta kwa urahisi. Siku hiyo umati ulikusanyika karibu na hapo, mbele ya kituo cha polisi, kudai Harry Thuku, mpigania haki za Waafrika aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru akawasimanga, akaongoza wanawake mbele. Polisi walifyatua risasi, na kumbukumbu za wakati ule zinasema walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao walifyatua. Serikali ilihesabu wafu 21. Wengine waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Leo anwani ya Norfolk ni barabara ya Harry Thuku. Mgeni anaisoma kwenye risiti yake, na sisi Wakenya wenyewe tunapita pale kwenda Kenya National Theatre bila kumsimulia mtoto. Kama paka wa mbao anaweza kuwekewa sahani kwa sababu ya tajiri aliyecheka, sioni kwa nini Nairobi isimwekee Nyanjiru kiti kila tarehe 16 Machi. Mimi ningelipa kuketi meza hiyo.

Lakini hadithi hazimletei mgeni kijiko. Turudi kwenye huduma.

Likizo iliyopita niliwachukua mama na shangazi kwenda kula mchana katika hoteli moja ya ufukweni huko kwetu pwani. Getini tulisimamishwa. Vioo chini ya gari, mikoba ifunguliwe, sawa, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate na Dusit hakuna anayelalamikia usalama. Kilichonichoma ni maswali. Mnakwenda wapi? Mna buking? Mmeitwa na nani? Nyuma yetu ilikuja gari ya watalii, ikaangaliwa kioo kimoja, mkono ukapungwa, ikapita. Mama alisema tu, "Tuache, ndiyo kazi yao." Mlinzi aliyetuuliza angeweza kuwa jirani yetu wa Likoni, na hapo hasa ndipo mimi na mjomba tunapoachana: huyo mlinzi si kwamba hajui kukaribisha. Nyumbani kwake ukibisha hodi utakunywa chai kabla hujasema ulichofuata. Ameagizwa na mwenye hoteli kwamba mtu mwenye sura kama yake ni mtu wa kuulizwa.

Ndani, binti aliyetuhudumia alikuwa hodari kuliko yule Mreno. Nasema hivyo bila upendeleo. Alimwona shangazi anavyonyoosha goti akamletea kigoda bila kuambiwa. Alimwita mama "mama" na si "madam", akamchagulia samaki asiye na miiba mingi. Kisha trei ikamponyoka na glasi mbili zikavunjika. Akachutama kuokota vipande haraka haraka kwa mikono mitupu, akininong'oneza bila kuinua uso: "Dada, usiseme, tafadhali. Nitakatwa." Kidole kilikuwa kinatoka damu. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kitu kilichoharibiwa na mfanyakazi kwa makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Trei kuponyoka si makusudi. Ila nani atakwenda mahakamani kwa ajili ya glasi mbili, na kazi yenyewe ni ya mkataba wa miezi mitatu? Samaki alipokuja nusu mbichi nikamuuliza binti kama anaweza kumrudisha. Akaenda kumtafuta msimamizi, msimamizi akaenda kumtafuta meneja, meneja akaja na tabasamu kutueleza kwamba samaki wa pale hupikwa hivyo.

Weka binti huyo Savoy kesho, atawafundisha. Na watu wetu wanafundishwa kweli. Kenya Utalii College iko tangu 1975, ilianzishwa kwa msaada wa Waswisi, nchi ileile ya Ritz. Kule London kijana wa Ureno alimwagiwa chai akaamua mwenyewe, papo hapo, kwa sababu mwajiri wake ameshapiga hesabu kwamba kikeki ni rahisi kuliko mgeni aliyenuna. Kwetu kila kijiko kina saini ya mtu. Tunamwajiri mtu mwenye ukarimu wa kuzaliwa, halafu tunamwekea adhabu kila pembe, kisha tunashangaa anatembea kama aliyebeba mayai.

Mlango wa nyuma wa London pia naujua vizuri, asije mtu akadhani nimetumwa kuusifia. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kutandika vyumba katika hoteli moja ya nyota nyingi, nikiwa nimeajiriwa na wakala, si hoteli. Idadi ya vyumba ilipangwa kama vile godoro linajiinua lenyewe, na mgongo wangu bado unazikumbuka zile shuka. Hata leo, nikiwa mgeni mwenye ufunguo wa chumba mkononi, nimewahi kusimamishwa koridoni na mama mmoja akiniomba taulo zaidi. Nikampelekea mapokezi malalamiko yake, pamoja na yangu. Hata bakshishi ilibidi itungiwe sheria: ni tangu Oktoba 2024 tu ambapo waajiri wa Uingereza wanalazimika kuwapa wafanyakazi bakshishi na pesa ya huduma yote bila kukata. Kabla ya hapo mgeni aliacha pauni zake akidhani zinamfikia aliyembebea sahani, na si kila mara zilimfikia. Kwetu tungepitisha sheria kama hiyo kesho, nadhani nusu ya manung'uniko kuhusu weita anayekununia yangekwisha.

Halafu kuna suala la bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, ambalo kwetu wa ughaibuni ni kichekesho cha aina yake. Na kitambulisho cha Kenya nalipa shilingi. Nikikisahau nyumbani, Kiswahili changu chote cha Mvita hakinisaidii, nalipa dola. Sipingi, mwenyeji apate nafuu. Ila ile nafuu ije na heshima ileile. Mara nyingi ukishatoa kitambulisho unaona uso wa mapokezi unapoa, na chumba unachopewa kinatazama jenereta.

Mpwa wangu alihitimu mambo ya hoteli, akafanya kazi Mombasa, sasa yuko Doha. Tulizungumza juzi kwa simu. Anasema kule ana kiwango chake cha pesa ambacho anaweza kumfidia mgeni bila kumuuliza yeyote, anaandika tu sababu mwisho wa zamu. Nikamuuliza Mombasa ilikuwaje. Akacheka sana. Mgeni alikuta inzi kwenye soda, akasema, na kuibadilisha ile chupa moja alihitaji saini tatu. Ya tatu ilikuwa ya mtu wa stoo, ambaye Jumamosi haji kazini.