Tangi Jipya Linataka Amonia Inayopimika

Kamba niliyemnunua soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi ile alikuwa mbichi kabisa, ganda linang'aa. Nilimfunga ndani ya soksi kuukuu, nikamning'iniza kwenye kona ya tangi la lita 60 lisilo na samaki hata mmoja, ili aoze na kutoa amonia ya kuliandaa tangi kabla ya kuweka samaki. Siku ya pili soksi ilishaota utelezi mweupe. Kufikia siku ya nne maji yalikuwa kama yaliyooshewa mchele, na wageni wakiingia sebuleni wanauliza kulikoni. Nilipopima, amonia ilikuwa imefika rangi ya mwisho kwenye kadi, ile kijani iliyokolea ya miligramu 8 kwa lita. Nikamtoa kamba, lakini vipande vyake vilikwisha kuzama kwenye changarawe, vikaendelea kuoza huko chini. Nikamwaga maji yote nikaanza upya.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: ukitaka kuandaa tangi bila samaki, tumia amonia unayoweza kuipima kabla haijaingia majini. Kitu kinachooza hakikupi nafasi hiyo. Hujui kitatoa kiasi gani, lini, wala kitakoma lini.

Kwa asiyefahamu, samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Ndani ya tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha wengine, hasa jamii ya Nitrospira, wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti zinaua. Nitrati ni nafuu zaidi, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huongezeka polepole, kwa kawaida wiki nne hadi sita ukianzia sifuri, na muda wote huo wanahitaji kulishwa.

Wapo wanaowalisha kwa samaki hai. Na mimi nilianza hivyo. Muuzaji aliniambia, "Weka maji leo, kesho njoo uchukue samaki." Nikachukua sita. Siku ya tano walikuwa wote juu ya maji wanatweta, matamvua mekundu kama yaliyoungua, na siku ya tisa hapakuwa na hata mmoja. Sikubali tena mtu aniambie kwamba hiyo ndiyo kawaida ya tangi jipya. Ni mateso, na yanaepukika kwa chumvi ya bei ndogo.

Chumvi yenyewe ni amoniamu kloraidi. Ni unga mweupe unaopatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara. Walimu wa kemia wanaijua vizuri kwa sababu huitumia kwenye mazoezi ya vitendo. Mimi napima gramu 6 kwa mizani ndogo, nayeyusha kwenye lita moja ya maji safi, naandika kwa maandishi makubwa kwenye chupa kwamba ni sumu, kisha naiweka juu kabisa watoto wasikofika. Hesabu yake ni rahisi: mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya tangi inakupa takribani miligramu 2 za amonia kwa lita. Tangi langu la lita 60 linachukua mililita 60, yaani bomba la sindano la mililita 20 mara tatu. Miligramu 2 zinatosha. Ukipita 5 unawachelewesha bakteria walewale unaowataka.

Najua wengi watakimbilia duka la pembejeo, kwa kuwa mbolea iko kila mahali. Hapo naomba uvumilivu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Urea si amonia. Lazima kwanza ivunjwe na vijidudu ndipo amonia itoke, kwa hiyo ukiitia leo na kupima leo, kipimo kinasoma sifuri. Unaongeza. Kesho sifuri, unaongeza tena. Siku inapoanza kuvunjika, yote inafumuka kwa pamoja. Mbolea ya CAN nayo ina nitrati tayari ndani yake, kwa hiyo ukiona nitrati huwezi kujua kama ni kazi ya bakteria au ni ya mfuko. DAP na NPK zina fosfati. Hizo zitakulimia mwani. Kama huna budi, SA ina afadhali kwa sababu ni salfeti ya amonia na inafanya kazi, ila ile ni mbolea ya shambani, na sina imani na vinavyoweza kuwa vimechanganyika nayo.

Amonia ya maji ya kusafishia nyumba inafaa tu ikiwa haina sabuni, rangi wala manukato. Itikise chupa: povu likikaa, irudishe. Na isikutane kabisa na jiki, kwani mvuke wake unaumiza mapafu.

Chakula cha samaki, kibano kimoja kila siku, ndicho ninachomshauri aliyekosa chumvi. Nacho kinaoza, ndiyo, lakini kidogokidogo, na unaweza kusimamisha kesho yake. Ni cha taratibu na kinachafua, ila hakitakufikisha kwenye yale ya kamba wangu.

Chanzo chochote utakachochagua, angalia mambo mawili. La kwanza ni maji ya bomba. Klorini inaua bakteria, hivyo yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana kabla ya kuyatumia, na sponji ya kichungi usiisuuze bombani. La pili ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: inaposhuka, asidi imezidi. Bakteria wakifanya kazi maji yanazidi kuwa na asidi, na pH ikishuka chini ya 6 kazi inakaribia kusimama. Anayejaza tangi kwa maji ya mvua atakutana na hili mapema. Kijiko kidogo cha magadi ya kuokea kinasaidia. Maji ya kisima huenda yasiwe na shida hiyo, lakini pH ikiwa 8 sehemu ya amonia iliyo kali kwa samaki huwa karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Sababu nyingine ya kutojaribu kwa samaki hai.

Utajua tangi liko tayari pale utakapotia miligramu 2 jioni, na jioni ya pili yake amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Badilisha sehemu kubwa ya maji kuondoa nitrati iliyorundikana, kisha leta samaki siku hiyohiyo au kesho yake. Wakichelewa, endelea kuwalisha bakteria nusu kipimo kila baada ya siku mbili, na pampu isizimwe.