Waranti ya miaka 10, ya mota tu

Kwenye mlango wa mashine yangu ya kufulia bado kuna stika: MIAKA 10. Ndiyo iliyonitoa hela pale dukani Arusha mjini. Kwa furaha niliyokuwa nayo sikusoma maandishi madogo ya chini yake: ya mota. Mashine yenyewe ina waranti ya mwaka mmoja.

Sasa mota ndiyo isiyokufa kirahisi. Hizi mashine za mlango wa mbele, zinazosifiwa kwa kula maji na umeme kidogo, nyingi zina mota ya inveta isiyo na brashi za kaboni za kulika. Vinavyokufa ni bodi, yaani saketi ya umeme inayoiongoza mashine, pampu ya kutolea maji, beringi, raba ya mlango. Muuzaji kakupa dhamana ndefu kwa kile anachojua hakitamgharimu. Mimi huo nauita ujanja, hata kama umeandikwa kihalali.

Yangu ilianza kugoma baada ya miezi mitatu. Inavuta maji, inasimama, inaandika herufi mbili kwenye kioo na kulia kama kifaranga. Fundi wa duka alipokuja Sakina hakugusa hata skrubu. Alitoka nje, akalitazama simtanki letu lililokaa juu ya matofali, akasema, "Dada, mashine nzima. Tanki lako ndilo fupi." Akanipigia hesabu: kila mita moja ya kimo inatoa presha ya baa 0.1, na kitabu cha mashine yangu kinataka baa 0.5. Tanki liwe mita 5 juu ya mashine! Nimjengee mnara mdudu wa kufua soksi? Tukanunua pampu ndogo ya kusukuma maji, yakaisha.

Ya bodi hayajaisha. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi, mashine haikuwaka tena. Ilikuwa na miezi tisa. Nilipofika dukani na risiti nikafunuliwa kifungu: waranti haihusu madhara ya umeme kupanda na kushuka. Mtu anayeuza mashine Arusha anaujua umeme wa Arusha. Angeniambia siku ile, "dada, chukua na stebilaiza," ningenung'unikia bei lakini ningechukua.

Kosa langu lipo, nalo ni sabuni. Nilikuwa natia ile ya unga ya kufulia kwenye beseni, tena kwa kumimina. Mashine inayotumia maji kidogo haiwezi kulisuuza povu lote hilo, na mimi nikimaliza nafunga mlango. Raba ikaota ukungu mweusi, mashuka yakanuka kama dekio. Huko Marekani ukungu wa namna hii uliwafikisha watu mahakamani, na mwaka 2014 kesi iliyosikilizwa Cleveland ilimpa ushindi mtengenezaji, Whirlpool. Kwa hiyo hapo natulia.

Bodi niliipeleka kwa fundi wa mtaani Ngarenaro. Aliinusa kwanza, akabadilisha relei moja iliyoungua, akanitoza elfu sitini. Risiti hakuna.

Jirani yangu naye anataka kununua, amekuja kuniuliza ipi nzuri. Nimemwambia akaulize bodi yake inauzwa shilingi ngapi, na kama ipo hapa Arusha au mpaka iagizwe Dar. Amerudi jana. Anasema kijana wa dukani alimjibu, "Mama, mota ina miaka kumi."